Nimeagwa, Sijaondoka

Alhamisi, katikati ya Agosti. Makambako.

Upepo umeniamsha tena. Upepo wa mji huu una zamu kama mlinzi, na zamu yake ya alfajiri ni kuleta vumbi la barabara kuu hadi ndani ya bakuli la sukari. Jua lilitoka, lakini lilikuwa jua la kutazama tu. Nimevaa sweta mbili na soksi za marehemu mume wangu, na akili yangu iko safi kuliko ilivyokuwa kwa majuma kadhaa.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu akina mama wa usharika wangu wa Njombe, mlinifungulia blogu hii ili niwaandikie shajara ya safari yangu ya kujitolea. Mmekuwa mkingoja niandike kutoka Malawi. Mmeuliza mara kadhaa, kwa upole, kama huko hakuna mtandao.

Siko Malawi.

Niko nyumbani kwa mdogo wangu Twilumba, nyuma ya ghala la mahindi, hatua chache kutoka stendi ya Makambako. Nimekuwa hapa tangu siku ileile mliyonisindikiza kwa nyimbo.

Nitaeleza kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio sifa pekee mliyonisifia siku ile bila kuongeza chumvi.

Nilifundisha kemia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu. Mwaka huu shirika dogo la hisani lilitafuta wanawake wa umri wangu wenye ujuzi wa kusafisha maji na kutengeneza sabuni, wakaishi nusu mwaka katika vijiji vya kusini mwa Malawi vilivyozolewa na mafuriko. Hakuna mshahara. Kuna kitanda, chakula na nauli. Niliomba, nikakubaliwa. Mchungaji alisema mimbarini kwamba nimesukumwa na huruma. Sikumsahihisha, kwa sababu haipendezi kumsahihisha mtu akiwa amevaa joho. Ukweli ni kwamba tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniuliza swali ambalo jibu lake ninalijua mimi peke yangu. Hilo ndilo lililonisukuma. Nilikuwa tayari kuvuka mpaka ili niulizwe.

Kisha mkaniaga.

Msomaji asiye wa kwetu aelewe desturi hii. Katika usharika wetu, mwanamke anayesafiri kwa muda mrefu hukabidhi kwanza. Husimama mbele baada ya ibada, kabla mnada wa mayai na kuku haujaanza huko nje, na kila alichokuwa amekishika hukitoa kwa mikono miwili, akakitaja kwa sauti. Kanisa zima hujibu, "Kimepokelewa." Nilikabidhi ufunguo wa kabati la vikombe. Nilikabidhi ukatibu wa Umoja wa Wanawake. Nilikabidhi nafasi yangu katika sauti ya pili ya kwaya, ingawa aliyeipokea hajui kwamba kuna sauti ya pili. Mwisho nilikabidhi kinyungu changu, ile bustani ya bondeni ninayolima kiangazi, ikiwa na njegere zilizokwisha kutoa maua. Nilikuwa nimezifunika kwa nyasi mwezi mzima wa Juni zisiungue kwa baridi. Aliyepokea kinyungu na ukatibu ni mtu mmoja, jirani yangu, Mama Faraja.

Alilia kuliko wote. Ilibidi ashikwe.

Mzee wa kanisa akatoa neno la shukrani. Alisema, "Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu." Nilikuwa nimesimama mbele yake, kwa umbali ambao angeweza kunigusa. Akaendelea: alikuwa mkweli, alikuwa hapendi kuchelewa. Niligeuka kuwatazama nione nani ameshtushwa na wakati uliotumika katika sentensi hizo. Hakuna aliyeshtuka. Mlikuwa mkitikisa vichwa kwa huzuni iliyotulia, ile ya watu ambao kazi ngumu ya mazishi wamekwisha kuimaliza na sasa wanangoja wali.

Kosa letu lilikuwa la kitaaluma, na kwa kuwa ni la kitaaluma linaniuma zaidi. Maabara ina kanuni ambayo nimeirudia hadi chaki ikaniota mapafuni: usiandike matokeo kabla jaribio halijaisha. Jaribio lilikuwa halijaisha. Ijumaa kabla ya kuagwa nilipimwa afya hospitalini, nikitoka kupokea wageni siku nzima waliokuja, mmoja baada ya mwingine, kunitakia afya njema. Presha ilikuwa juu. Majibu yalitumwa kwa shirika. Busara ingetaka tungoje shirika lisome. Lakini ng'ombe alikuwa amekwisha kununuliwa, na kwetu ng'ombe akishanunuliwa, shughuli lazima iwepo.

Jumatatu mlinipeleka stendi ya Njombe mkiwa mmevaa vitenge vya sare. Hapa Makambako nilishuka ili nibadili gari, nipande basi la Mbeya kuelekea mpakani. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu pale simu ilipoingiza ujumbe wa shirika. Nisivuke. Kwa watu wa umri wangu, presha hiyo inahitaji kipimo cha pili baada ya majuma matatu. Wakinipitisha, nitaitwa. Walimaliza kwa kunitakia mapumziko mema.

Kurudi Njombe ni mwendo wa saa moja hivi. Magari yalikuwa yanaita abiria mbele yangu. Nilibaki juu ya sanduku.

Nilifikiri kwa makini. Aliyekufa ana jina katika lugha zetu zote mbili, ya kwetu na Kiswahili. Aliyehama ana jina, aliyefukuzwa ana jina, hata aliyetoroka na mume wa mtu ana jina. Lakini mtu aliyeagwa jana kwa ng'ombe na machozi, akarudi kabla vyombo havijaoshwa, huyo sikumpatia jina. Nikavuta sanduku langu hadi kwa Twilumba.

Mdogo wangu ni mshonaji nguo, na sindano zake si za cherehani peke yake. Alinitazama mlangoni, akatazama sanduku, akasema, "Kumbe Malawi ni ndogo hivi, dada. Imeingia chumbani kwangu." Tangu siku hiyo, kila akiniletea chai ananikaribisha Blantyre. Alinikuta uani nikifanya mazoezi ya salamu za Kichewa, "Muli bwanji," na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, nilikuwa nawaamkia kuku. Akawaambia majirani kwamba kuku wake sasa wana mwalimu wa lugha.

Nafahamu kwamba kwa mtu wa Njombe, kujificha Makambako ni sawa na kujificha mlangoni. Anayekwenda Mbeya hupita hapa, anayekwenda Iringa hupita hapa, hata anayefuata mitumba tu hupita hapa. Kila nilipotoka, nilitoka mapema, nimejitanda kitenge hadi nyusi, nikatumia njia za nyuma ya maghala. Mwanamke aliyesimamia mitihani ya taifa akawa anachungulia kona kabla ya kukata.

Na ninyi mkaandika katika kundi letu la simu.

"Mwalimu, umefika salama?"

Nikajibu: Nimefika salama hapa nilipo.

"Huko hali ya hewa ikoje?"

Upepo ni mkali.

"Na wenyeji wakoje?"

Wana maneno makali, ila wanalisha vizuri.

Hakuna neno la uongo hapo. Nililipima kila moja kabla ya kulituma. Mwanafunzi angeniandikia majibu ya namna hiyo ningempa sifuri, na ningemwita mbele ya darasa ajieleze. Mimi nilijipa alama zote na kulala.

Lakini nilikuwa nawasoma. Hamkujua, lakini sijawahi kuwasoma kwa makini namna ile. Juma la kwanza mliniombea kila jioni. Juma la pili mliniombea pamoja na wagonjwa. Kisha nikaona Mama Faraja, ambaye nilimkabidhi ukatibu awe kaimu, ametia sahihi tangazo la kikao kama Katibu. Neno kaimu lilikuwa limeondoka bila kuagwa. Ikaja picha ya kabati la vikombe, vikombe vimepangwa kwa rangi. Mimi nilivipanga kwa idadi ya nyufa, kwani chenye ufa hakipewi mgeni. Mkaandika chini, mmoja baada ya mwingine, "Sasa pamependeza."

Sasa.

Nilisoma neno hilo mara nyingi kuliko lilivyostahili.

Juzi nilikwenda kupimwa tena. Leo asubuhi shirika limeleta jibu: presha yangu iko sawa, nivuke juma lijalo. Niliweka simu mezani nikasikia kitu ambacho, kwa kukosa neno la kitaalamu, nitakiita furaha. Nikatoka bila kujitanda kitenge. Nikapita barabara ya mbele. Nikaenda sokoni kama mtu mwenye haki ya kununua mboga.

Pembezoni mwa soko, pale wanapouza vitu vilivyoshushwa alfajiri kutoka Njombe, niliona njegere. Zilikuwa zimemenywa tayari, zimejazwa kwenye beseni, punje kubwa zenye kijani kisicho na doa. Niliinama nikachukua moja nikaivunja kwa jino. Anayelima huijua njegere yake kama anavyoijua sauti ya mwanawe akikohoa gizani. Mbegu ile niliichagua mwenyewe kwa misimu mitatu.

Nikainua macho. Nyuma ya beseni alikuwa amekaa Mama Faraja.

Aliniona. Ninaliandika hili kwa uhakika wa mtu aliyezoea kutofautisha kilichoonekana na kilichodhaniwa. Mkono wake ulisimama hewani ukiwa na kopo la kupimia. Macho yake yalinipanda kutoka viatuni hadi usoni, yakakaa usoni, yakakamilisha kazi yake yote. Kisha yakashuka kwenye njegere.

"Kamwene," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mama. Karibu mboga."

Aliniita mama. Kwa muda wote tuliopakana ua hajawahi kuniita hivyo. Mimi kwake ni Mwalimu. Hata siku aliyonigombeza kwa ajili ya mbuzi wangu alinigombeza kwa cheo.

"Njegere za wapi hizi?" nikauliza.

"Za Njombe, mama. Za bustanini kwangu."

Muuza vitunguu aliyekaa pembeni yake, mwanamke mmoja wa Njombe ambaye sura yangu si ngeni kwake, alikuwa amekwisha kuacha kuchambua vitunguu. Akamgusa bega.

"Mama Faraja, huyu si Mwalimu?"

"Mwalimu yuko Malawi."

"Mbona ni yeye kabisa?"

"Watu hufanana," akasema Mama Faraja, akiwa ananijazia kopo. "Mwalimu tulimuaga sisi wenyewe. Wewe si ulikula ile nyama?"

Mwenzake akanitazama tena, akaamua kuamini tumbo lake kuliko macho, akarudi kwenye vitunguu.

Ningeweza kusema jina langu. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini hapo nililiona jambo lote kwa uwazi wa kutisha. Kwa majuma matatu nilikuwa nimejificha nikihofia kwamba nikionekana nitachekwa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kunikuta uso kwa uso na kugundua kwamba ninafaa zaidi nikiwa sipo. Mama Faraja akinitambua, pale pale beseni linakuwa na mwenyewe, ukatibu unarudi kuwa kaimu, na vikombe vinarudi kwenye nyufa zao. Akinikana, hakuna kinachoharibika. Ni hesabu rahisi. Mimi mwenyewe ningeipata.

Nikalipa. Akamimina njegere kwenye mfuko wangu, kisha akaongeza nyongeza kama ilivyo desturi, konzi moja. Akaniangalia mikono, wala si uso. Akaongeza konzi ya pili. Akaongeza ya tatu, ambayo hakuna muuzaji wa Makambako anayeitoa hata kwa mama mkwe.

"Ahsante," nikasema.

"Karibu tena, mama."

Nilibeba mboga yangu niliyoilima mwenyewe, nimeuziwa, hadi kwa Twilumba. Nilimsimulia akiwa anapima mtu nguo, hakuacha kupima. Mteja alipotoka ndipo alipofungua mfuko akaona ule wingi.

"Hiyo konzi ya pili na ya tatu si nyongeza, dada. Ni rambirambi."

Nikamwambia kwamba shirika limeniita, na kwamba nafikiria kupitia Njombe kwanza.

"Ukafanye nini? Wamekuzika vizuri, wamemaliza matanga, unakwenda kufufuka ili iweje? Jumatatu panda basi la Mbeya. Ukivuka mpaka, kila ulichowaandikia kinakuwa kweli. Hata upepo, huko upo."

Akapika njegere na viazi. Zilikuwa tamu kupita kiasi. Nililijua hilo tangu zilipotoa maua.

Ushauri wa Twilumba hauna kasoro, na nimeutafutia kasoro mchana mzima. Nikipanda basi la Mbeya hakuna atakayejua. Majuma haya matatu yatajifuta yenyewe. Nitafundisha akina mama waliopoteza nyumba zao jinsi ya kuchuja maji, nao wataniuliza maswali, nami nitayajibu. Nikirudi mtanipokea kwa vigelegele, na Mama Faraja atalia tena hadi ashikwe. Atanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Wote tutakuwa tumesema kweli.

Nilikuwa nimekwisha kukubali. Nilikuwa nakunja nguo.

Ndipo, jioni hii, ukaingia ujumbe wake katika kundi, mbele yenu nyote. Mmeuona. "Mwalimu wetu mpendwa, leo nimekukumbuka sana. Njegere zako zimezaa vizuri. Mungu akutunze huko huko uliko."

Wengine wenu mmeweka amina. Nimezihesabu amina, kisha nikajizuia, kwani kuhesabu amina ni dalili ya ugonjwa.

Nimekaa na ujumbe huo kama nilivyokuwa nikikaa na karatasi ya mwanafunzi niliyemshuku. Ni ukatili uliopikwa vizuri, na mimi ni mtu wa kutambua upishi. Ila kuna "njegere zako." Sokoni zilikuwa za bustanini kwake. Katika ujumbe zimerudi kuwa zangu. Sijui kama ni aibu imeteleza kwenye kidole, au ni kejeli ya mtu aliyekwisha kushinda. Zile konzi mbili za ziada nazo sijui ni za nini. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba usichokijua hukipimi kwa kukitazama, unakijaribu.

Kwa hiyo nitajaribu.

Mama Faraja, nimeandika jina lako hapa kwa makusudi, na nimeandika kila kitu, pamoja na kuku. Sidai kinyungu. Nilikikabidhi kwa mikono miwili mbele ya kanisa, na kanisa likajibu kwamba kimepokelewa; kilime mpaka nirudi, na uuze utakapo. Ukatibu kaa nao. Vikombe vipange kwa rangi, ila kile cha maua mekundu kina ufa chini ya mkono, na siku moja kitamwaga chai ya moto kwenye mapaja ya Mkuu wa Jimbo. Sidai hata uombe radhi. Kuomba radhi ni maneno, nawe leo umeonyesha kwamba maneno hayakusumbui.

Wengine wote, msinipikie na msiniage. Aliyeagwa haagwi tena. Mliosema nilikuwa mtu wa utaratibu mlikuwa sahihi kwa wakati uliopita. Mtu wa utaratibu asingefanya nilichofanya kwa majuma matatu.

Jumapili nitakuja Njombe kwa gari la kwanza. Nitakaa mahali pangu, benchi la tatu upande wa dirisha lenye kioo kilichopasuka. Mama Faraja hukaa la nne, nyuma yangu. Kabla kengele ya pili haijalia nitageuka na kumwamkia mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote waliokula ile nyama. Ana siku mbili za kujiandaa, na hilo ni zaidi ya alilonipa mimi kati ya beseni na uso wake.

Jumatatu nitapanda basi la Mbeya nikiwa na jibu lake. Akiniita Mwalimu, nitakuwa nimesafiri.

Akiniita mama, nitakuwa nimehama.